Miwani ya Kichwa Kimoja

Binamu yangu aliporudi kutoka Dubai mwishoni mwa 2021, sebule ya shangazi pale Magomeni ilijaa watu kumi na mmoja, wote wamekuja kwa ajili ya sanduku moja jeupe. Ndani yake mlikuwa na miwani ya uhalisia pepe na pedi mbili ndogo za kushika mikononi. Binamu akaivaa, akakaza mkanda nyuma ya kisogo, akaanza kukatakata hewa kwa mikono yote miwili. Sisi tukamtazama. Dakika ya tano mjomba, aliyekuwa amesogezewa kiti cha mbele kabisa, akauliza:

"Sasa sisi tunaangalia nini?"

"Subiri zamu yako, mjomba, utaona mwenyewe."

"Zamu ya nini? Ya mimi nami kupigana na nzi?"

Kila mtu alipata dakika zake kumi, kila mtu alipiga ukelele wa mshangao, na stuli moja ya shangazi ikavunjika mguu. Jumapili iliyofuata nilipopita pale, miwani ilikuwa juu ya kabati imefunikwa kitambaa, na vijana wanne walikuwa wamerudi mkekani mbele ya PlayStation, aliyefungwa anatoka.

Wachezaji wenzangu husema miwani hii haijashika kwa sababu ni ghali: ngoja ishuke, kila mtu ataivaa. Nimelisikia neno hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini bei imekwisha kushuka, tena zaidi ya mara moja, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba bei ni homa tu. Ugonjwa uko kwingine.

Bei tatu za kitu kimoja

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1995 Nintendo waliingiza sokoni Virtual Boy kwa dola 179.95. Kilikuwa kifaa cha kusimama mezani kwa miguu yake, unainama na kuchungulia ndani kama mtu anayetazama kisima, na kila ulichokiona kilikuwa chekundu juu ya weusi. Ukiipima bei hiyo kwa fedha ya leo inapita dola 350. Hakikufikisha hata vipande laki nane, na mwaka uliofuata kikaondolewa.

Wazo likalala hadi 2012, pale Palmer Luckey, kijana wa California, alipochangisha fedha kupitia Kickstarter ili atengeneze miwani ya Oculus Rift. Aliomba dola 250,000, akapewa zaidi ya milioni 2.4. Mwaka 2014 Facebook ikainunua kampuni yake kwa makubaliano ya dola bilioni 2. Kwa kauli za Luckey mwenyewe watu walikuwa wamejiandaa kwa bei ya dola 350 hivi. Januari 2016 bei ikatangazwa: dola 599. Kelele zikawa nyingi hadi Luckey akaomba radhi kwa namna alivyokuwa amelizungumzia suala hilo. Na hizo 599 zilikuwa za miwani peke yake, kwani lazima uwe na kompyuta yenye kadi ya grafiksi ya nguvu. Kifurushi cha vyote viwili kilianzia dola 1,499. HTC Vive ikafuata kwa dola 799. Oktoba mwaka huohuo Sony wakaja na PlayStation VR kwa dola 399, bila kamera yake.

Hiyo naiita bei ya kweli. Mtengenezaji alihesabu lenzi, vioo viwili vidogo, vihisi na jasho la wahandisi, akaweka namba inayoendana na gharama. Wanunuzi wakaitazama namba hiyo, wengi wakageuka.

Ya pili ni bei ya kubebwa. Mwaka 2019 Facebook walitoa Quest kwa dola 399, miwani yenye prosesa yake ndani, haihitaji kompyuta wala waya. Oktoba 2020 wakatoa Quest 2 kwa dola 299. Mkuu wao, Mark Zuckerberg, hajaficha kwamba vifaa hivi huuzwa kwa bei ya gharama au kwa ruzuku, ili faida ipatikane baadaye kwenye duka la programu. Kitengo cha Meta, jina la sasa la kampuni ya Facebook, kinachoshughulikia mambo haya kiliandika hasara ya dola bilioni 13.7 mwaka 2022, bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Si hasara yote ya miwani ya gemu, maana humo mna utafiti wa mambo mengine mengi, lakini mnunuzi wa Quest ajue kwamba sehemu ya bili yake imelipwa na mtu mwingine.

Na anayekubeba anaweza kukutua. Agosti 2022 Quest 2, kifaa kilichokaribia miaka miwili sokoni, kilipandishwa bei kwa dola 100. Katika biashara ya gemu tulikuwa tumezoea kinyume chake: mashine ikizeeka inashuka. Baadaye ikashushwa tena, na Oktoba 2024 Quest 3S ikarudi kwenye namba ileile ya 299.

Ya tatu ni bei ya kujionyesha, nayo haitatuchelewesha. Quest Pro ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,499. Miezi mitano haikupita ikawa 999. Apple Vision Pro ilitoka Februari 2024 kwa dola 3,499, bila hata pedi. Hizo si za mchezaji.

Sasa turudi kwenye hoja ya bei kushuka. Kufikia mwisho wa 2019 Sony walikuwa wameuza PlayStation 4 milioni 106 na PlayStation VR milioni 5. Maana yake, katika watu ishirini waliokuwa na mashine tayari sebuleni, hata mmoja hakutimia aliyeongeza miwani. Quest zilifanya vizuri zaidi: mwanzoni mwa 2023 habari kutoka kikao cha ndani cha Meta zilisema zimeuzwa karibu milioni 20. Lakini katika kikao hichohicho kiongozi mmoja aliwaeleza wenzake kwamba wanunuzi wapya, wale wa Krismasi, hawaivai miwani kama walivyoivaa wale wa kwanza. Bei ilimleta mtu hadi dukani, ikamfikisha nyumbani, ikashindwa kumrudisha ndani ya miwani Jumatano usiku.

Gharama zisizoandikwa kwenye sanduku

Mfano mzuri ni PlayStation VR2 ya Februari 2023. Ni miwani safi: picha inang'aa, pedi zinatetemeka kwa ustadi, miwani yenyewe inatetemeka kichwani. Bei yake ilikuwa dola 549.99, ghali kuliko PlayStation 5 inayoiendesha, ambayo wakati ule iliuzwa 499.99. Kabla hujanunua gemu hata moja, umeshavuka dola 1,000. Halafu ukigundua kwamba gemu ulizozinunua kwa ajili ya miwani ya kwanza hazifanyi kazi katika hii ya pili, unaelewa kwa nini hata mashabiki wa Sony walisita. Agosti 2024 wakatoa kiunganishi cha kuitumia kwenye kompyuta, dola 59.99. Machi 2025 bei ya miwani ikashushwa hadi 399.99. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Miwani hii ni nzuri, lakini ilibidi itembezwe.

Kisha kuna nafasi. Quest inataka eneo wazi la mita mbili kwa mbili. Pima sebule yako: toa makochi, toa meza ya kioo, toa kabati la vyombo, toa mtoto anayetambaa. Stuli ya shangazi haikuvunjwa na uzembe, ilivunjwa na jiometri.

Kisha mwili. Quest 3 ina uzito wa gramu 515, zaidi ya nusu kilo ya sukari, na inaning'inia mbele ya uso. Betri ni ya saa mbili hivi. Nchi ya baridi jasho si tatizo kubwa. Dar es Salaam mwezi Februari sponji inalowa ndani ya robo saa na lenzi zinapata ukungu. Na kichefuchefu kipo: macho yanauambia ubongo kwamba unakimbia, masikio ya ndani yanasema umesimama, na ubongo usiojua wa kumwamini unakugeuzia tumbo. Wengine huzoea, wengine hawazoei kamwe, na si kila duka litakurudishia fedha kwa sababu ya masikio yako.

Mwisho kuna umiliki. Echo VR, mchezo wa kurusha kisahani angani bila uzito, ulikuwa na mashabiki waliouthamini kuliko mchezo mwingine wowote. Tarehe 1 Agosti 2023 seva zikazimwa. Miwani ilibaki nzima, mchezo ukawa hadithi. Gemu nyingi za kuchezwa mtandaoni hupatwa na hayo, ila hapa kijiji ni kidogo, na nyumba moja ikibomoka kila mtu anaona pengo.

Gemu ziko wapi?

Nisije nikaonekana nina chuki. Saa bora kabisa niliyowahi kuitumia katika gemu niliitumia nikiwa nimevaa miwani, ndani ya Half-Life: Alyx, iliyotolewa na Valve Machi 2020. Kuna sehemu yenye jitu kipofu linaloitwa Jeff. Halioni, linasikia tu, na hewa ya pale imejaa vumbi linalokukohoza. Kwenye gemu ya kawaida ungebonyeza kitufe cha kunyata. Hapa unainua mkono wako mwenyewe na kuufunika mdomo wako mwenyewe, kwa sababu pedi ikikaribia mdomo, mhusika hakohoi. Nilijikuta nimesimama katikati ya chumba cha rafiki, kiganja usoni, mkono wa pili unafungua kabati taratibu, chupa inaanguka, naidaka kabla haijagonga sakafu. Hakuna aliyenielekeza kuidaka. Mkono ulikwenda wenyewe.

Hata kujaza risasi kuna maana: unatoa magazini, unapeleka mkono nyuma ya bega kama mtu anayetoa mshale podoni, unachomeka, unavuta. Ukiwa na hofu unakosea, risasi zinaanguka chini, na kosa ni la vidole vyako. Kioo cha televisheni hakiwezi kukupa hilo.

Tatizo ni kwamba ukimuuliza mpenzi wa miwani akutajie gemu tano za kiwango hicho, ataanza na Alyx, atataja Beat Saber ya kukata vibao kwa mdundo, atataja Resident Evil 4 ya Quest 2 ya mwaka 2021, ambayo ni gemu ya 2005 iliyofinyangwa upya, kisha ataanza kuhesabu polepole. Horizon Call of the Mountain ilipendeza macho, ila ilikuwa matembezi ya kupanda miamba. Batman: Arkham Shadow ya Oktoba 2024 ni kazi ya kujivunia, na ilitolewa bure kwa aliyenunua Quest 3S. Bure hiyo inaeleza hali: kampuni inayouza miwani ndiyo inayolipia chakula cha gemu kubwa, maana soko lenyewe halijaweza kuzilisha.

Wenye mitaji wamekwisha kupiga hesabu. Ubisoft walitoa Assassin's Creed Nexus VR Novemba 2023. Miezi michache baadaye mkuu wao, Yves Guillemot, alisema matokeo yamewavunja moyo na hawataongeza uwekezaji. Mwaka 2024 Sony ilifunga studio yake ya London, iliyokuwa imetengeneza Blood & Truth ya PlayStation VR. Mwaka huohuo Meta ikafunga Ready at Dawn, watengenezaji walewale wa Echo VR. Mduara ni huu: wachezaji wachache, kwa hiyo gemu chache; gemu chache, kwa hiyo wachezaji wachache. Ruzuku iliweza kuusukuma mduara, haikuweza kuuvunja.

Mtoto aliyehama nyumbani

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Astro Bot, kiroboti kidogo cheupe cha Sony. Mwaka 2018 kilipata gemu yake kubwa ya kwanza, Astro Bot Rescue Mission, ndani ya PlayStation VR. Wewe ulikuwa umo ndani ya dunia yake: kiroboti kikijificha nyuma ya mwamba, unanyoosha shingo kukichungulia. Wengi wetu tulisema hii ndiyo gemu itakayowauzia watu miwani.

Septemba 2024 Team Asobi, watengenezaji walewale, wakatoa Astro Bot mpya ya PlayStation 5. PlayStation VR2 ilikuwa sokoni tayari mwaka mmoja na nusu. Gemu haikuihitaji miwani, wala haikuwa na sehemu hata moja ya kuchezwa nayo. Ilikuwa ya televisheni ya kawaida, na Desemba ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Mtoto aliyelelewa ndani ya miwani alihama nyumbani, akafanikiwa ugenini, na sikuona mtu aliyedai arudishwe. Kwa bei ya PlayStation VR2, dola 549.99 za wakati ule, ungenunua Astro Bot tisa.

Hapo ndipo bei inapopata maana yake. Mchezaji hailinganishi miwani na miwani nyingine; anailinganisha na kile ambacho fedha ileile ingemletea mwezi huuhuu. Na miaka hii ya karibuni imekuwa ya neema. Balatro, mchezo wa karata uliobuniwa na mtu mmoja, ulitoka Februari 2024 kwa dola 14.99 ukawanyima watu usingizi. Clair Obscur: Expedition 33, ya studio changa ya Ufaransa, ilitoka Aprili 2025 kwa dola 49.99 na kutwaa tuzo ya mwaka huo. Hollow Knight: Silksong ikafika Septemba 2025 kwa dola 19.99, makumi ya saa ya mateso matamu. Ni kweli upande wa pili Nintendo walipandisha dari kwa Mario Kart World ya dola 79.99, na wachezaji wakanung'unika. Lakini ukiwa na dola 299 mkononi, orodha ya vitu vya kukushughulisha mwaka mzima bila kuvaa chochote kichwani ni ndefu.

Gemu moja imekwenda kinyume na hesabu zote hizi. Gorilla Tag ni ya bure, michoro yake ni ya vipande vipande, wahusika ni masokwe wasio na miguu, na unatembea kwa kusukuma ardhi kwa mikono. Kazi yenyewe ni kukimbizana. Watoto wa Marekani wameipenda hadi mapato yake, kupitia kofia na mapambo, yakapita dola milioni 100 kufikia 2024. Studio nyingi zenye mamia ya wasanii hazikufika hapo kwa gemu ya miwani. Ninachokiona ni hiki: kilichowarudisha watoto ndani ya miwani si ubora wa picha, ni kuwakuta wenzao humo. Mtaani kwetu kukimbizana kupo, na hakuhitaji chaji.

Bei ikifika huku kwetu

Kwa dola ya shilingi 2,500 hivi za Tanzania, dola 299 ni karibu laki saba na nusu. Ni bei ya Marekani ya mwaka 2024, na haijasafiri bado. Nchi zetu hazimo katika orodha ya nchi ambako Meta inauza Quest rasmi, kwa hiyo miwani huja kwenye begi la ndugu kutoka Dubai au Muscat, au kupitia wakala wa mizigo. Ikija kwa njia ya forodha, ushuru hupigwa juu ya thamani pamoja na usafirishaji, kisha VAT hupigwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe: asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya. Muuzaji wa Kariakoo naye lazima ale. Hakuna dhamana ya kuipeleka popote pedi ikifa.

Hata milango ya mtandaoni haijatufungukia vizuri. Mtandao wa PlayStation hauziorodheshi Tanzania wala Kenya. Mchezaji wa hapa hufungua akaunti akijidai yuko Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na kununua kadi za fedha za huko. Tulizoea, hadi Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti hizo. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi 177 ambako mtandao huo haupo. Sharti likafutwa baada ya siku chache za ghasia, lakini somo lilibaki: unaweza kulipa bei kamili na bado ukawa mgeni asiyealikwa.

Kuna wanaosema simu ya laki nane watu wananunua, kwa nini miwani iwashinde? Simu inakuamsha, inatuma pesa, inapiga picha ya harusi, inamtuliza mtoto, na usiku inakuchezea gemu. Miwani inafanya kazi moja, kwa mtu mmoja, kwa saa mbili.

Nasi tulijifunza gemu kwa njia nyingine kabisa. Banda la gemu nililokulia lilikuwa na televisheni mbili na benchi moja. Nililipa mia mbili kwa mechi, na nilipokuwa sina mia mbili nilitazama bure. Waliosimama nyuma walikuwa makocha, wachambuzi na wazomeaji. Mashine moja ilihudumia watoto arobaini kwa siku, na ndiyo maana mwenye banda aliweza kuimudu. Bei ya kila kifaa hugawanywa kwa idadi ya watu wanaokifurahia, na miwani ni mashine ya gemu inayokataa kugawanywa. Unaweza kurusha picha yake kwenye simu, kweli, lakini anayetazama anaona kichwa cha mtu mwingine kikiyumba, na yeye ndiye anayepata kizunguzungu.

Nani anunue?

Mwenye kompyuta ya nguvu tayari, chumba chake mwenyewe na tumbo gumu, anunue Quest 3S, aiunganishe nayo, acheze Alyx kwanza, na sitamwonea huruma. Mpenzi wa mbio za magari mwenye PlayStation 5 na usukani, na akaipata PlayStation VR2 kwa bei mpya, atakaa ndani ya Gran Turismo 7 asitoke; yeye ameketi, hahitaji sebule. Anayetaka mazoezi ya mwili, Beat Saber itamtoa jasho kuliko gym aliyolipia haendi. Wengine wote wasubiri. Novemba 2025 Valve walitangaza miwani yao mpya, Steam Frame, na zogo likaanza upya kuhusu itauzwa bei gani. Mimi ningeuliza kwanza Valve wameandaa gemu gani ya kuifuata.

Mwezi uliopita nilimuuliza binamu kama yuko tayari kuiuza miwani yake. Akaniambia haiuzi, ila naweza kuichukua nikae nayo muda wowote ninaoutaka. Aliposhuka nayo kutoka juu ya kabati, betri za pedi zilikuwa zimevuja. Mjomba alikuwa kwenye kochi lake, anawatazama vijana mkekani, anamsema mmoja wao kwa kutoa pasi mbovu. Akaitazama ile miwani mkononi mwangu.

"Bado tu hamjampiga yule nzi?"